Niliacha kuamini chuoni, sasa nataka kurudi kanisani: nianzie wapi?

Swali: Mimi ni fundi umeme, umri miaka 36, naishi Jinja. Baba alikuwa askari, nimekulia kambini, lakini kwetu ni Kitgum, na huko ndiko nilikobatizwa Katoliki nikiwa mchanga. Komunyo ya kwanza nilipata, kipaimara sikupata. Nilipofika chuoni niliacha kuamini, na kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikisema wazi kwamba Mungu hayupo. Siku hizi naona nchi hii bila makanisa ingekuwa hoi: hospitali, shule, maziko, hata usuluhishi. Nataka watoto wangu, wa miaka 9 na 4, wakue na dini. Mke wangu ni Mwanglikana. Tulifanya kwanjula kwao, yaani ndoa ya kimila, kanisani hatujafika. Nikirudi kwa sababu hizo, si unafiki? Nibatizwe upya? Niende kwa Wakatoliki, nimfuate mke wangu, au niende kwa walokole?

Jibu: Ndugu, hilo la unafiki ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo nalianza, na usishangae likichukua nafasi kubwa.

Kusema dini inafaa na kusema dini ni kweli ni madai mawili tofauti. La kwanza hata mtu asiyeamini anaweza kulikubali, kwa sababu ushahidi wake uko barabarani. Hospitali ya Mengo ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1897. Hospitali ya Lacor pale Gulu ilianzishwa na wamisionari wa Comboni mwaka 1959, na ebola ilipoingia mwaka 2000, Dakta Matthew Lukwiya alibaki na wagonjwa na wauguzi wake mpaka ikamuua yeye mwenyewe mwezi Desemba. Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum aliuawa Februari 1977 baada ya maaskofu kuulalamikia utawala wa Idi Amin kwa maandishi. Wewe wa Kitgum huhitaji kukumbushwa viongozi wa dini wa Acholi, Wakristo na Waislamu pamoja, ambao mwaka 2003 walikwenda kulala nje mjini Gulu na watoto waliokuwa wakikimbia vijiji kila jioni wasije wakatekwa na waasi wa LRA.

Lakini daftari hilohilo lina ukurasa wa pili. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana risasi pale Mengo, na Kapteni Lugard, Mwingereza, akaingia upande wa Waprotestanti na bunduki yake ya Maxim. Mgawanyiko ule ulihamia kwenye vyama vya siasa, hadi watu wakakiita chama cha DP (Democratic Party) "Dini ya Papa", na si utani tu. Kuna wilaya ambako wazee bado wanahesabu vyeo kwa dini. Machi 17, 2000, mamia ya watu waliteketea kanisani Kanungu, wakiwa mikononi mwa viongozi waliodai kurudisha Amri Kumi. Na tusiwanyime haki wasio na dini: kule Kasese kuna shule ya msingi iliyojengwa na wahumanisti, na inafundisha watoto wa majirani kama shule nyingine.

Kwa hiyo mizania ya faida na hasara inaweza kukuambia kanisa ni jirani wa namna gani. Haiwezi kukuambia kama Yesu alifufuka. Hata ukijumlisha zahanati elfu moja, jibu la swali hilo halitoki humo.

Nadhani umefuatilia habari za Ayaan Hirsi Ali, mzaliwa wa Mogadishu aliyesoma Nairobi, ambaye Novemba 2023 alitangaza kwamba ameacha ukanamungu na kuwa Mkristo. Waliomkosoa, Wakristo wakiwemo, walisema maandishi yake yalieleza sana hatari zinazoukabili ustaarabu wa nchi za Magharibi na kidogo mno habari za Yesu mwenyewe. Lakini kwenye maandishi hayohayo alisema pia kwamba maisha bila Mungu yalikuwa hayabebeki tena kwake. Mtu anaweza kuingia kwa mlango wa faida na bado akafika sebuleni. Kosa ni kukaa mlangoni na kusema umefika.

Wengine hufika nusu, na ni vizuri kuwataja kwa usahihi, maana mahubiri yetu huwatumia vibaya. Antony Flew, mwanafalsafa Mwingereza, hutajwa kila mara kama mkanamungu aliyeokoka. Hakuokoka. Mwaka 2004 alikubali kwamba kuna akili iliyoanzisha ulimwengu, basi, Ukristo hakuukiri. C. S. Lewis alichukua hatua mbili: mwaka 1929 alikubali kuna Mungu, na mwaka 1931 ndipo akawa Mkristo. Tofauti hiyo inakuhusu moja kwa moja, kwa sababu "kuna Mungu" na "Yesu ni Bwana" hupimwa kwa ushahidi tofauti.

Angalia pia mashahidi wa Uganda, yaani wale waliouawa kwa ajili ya imani yao. Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa Namugongo Juni 3, 1886, hapakuwa na hospitali ya misheni wala shule ya bweni ya kujivunia. Kusoma kulikuwa na mvuto wake barazani kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, hilo ni kweli, lakini lilipofika suala la kufa, faida ilikuwa imekwisha. Kifo chao hakithibitishi kwamba waliyoyaamini ni kweli. Kinathibitisha kwamba waliyaamini. Anayejiunga na kanisa kwa sababu linafaa atalihama siku likiacha kumfaa, na siku hiyo huja: paroko mkali, mchango uliopotea, mtoto aliyeombewa akafa.

Je, ni unafiki? Kwenda Misa ukiwa unatafuta si unafiki. Unafiki ni kutamka "Nasadiki" kwa sauti, huku moyoni unasema "inafaa watoto". Kwa hiyo kwa miezi ya mwanzo kaa kwenye benchi, imba ukitaka, sikiliza masomo. Ikifika Kanuni ya Imani, ukibaki kimya kwenye mstari usioweza kuukiri hakuna atakayekukamata. Komunyo usiende. Wenzako wakipanga mstari, baki umekaa. Nusu ya waliobaki nao wana sababu zao. Lipo jambo moja la kujihoji kwa ukali, kwa kuwa sensa ya 2014 ilihesabu karibu asilimia 39 ya Waganda kuwa Wakatoliki na 32 kuwa Waanglikana: katika nchi kama hii kurudi kanisani ni kurudi kwa wengi. Unachoka kuwa peke yako kwenye msiba, au umeanza kushawishika? Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, ila uvijue kwa majina.

Sasa kupima. Ukiitwa kwenye nyumba isiyo na umeme hubomoi ukuta. Unapima mita, kisha waya, kisha taa, mpaka ujue hitilafu iko wapi. Fanya hivyo na pingamizi zako. Ziandike zote kwenye karatasi, kisha tenga zinazomhusu Mungu (uovu, sayansi), zinazomhusu Yesu (miujiza, ufufuko), na zinazowahusu watu wa kanisa (padre aliyekula pesa, mchungaji mwenye gari la kifahari). Wengi walioacha imani chuoni hugundua kwamba kundi la tatu ndilo refu kuliko yote, na kundi hilo, hata likiwa kweli lote, haligusi yale mawili ya kwanza.

Soma Injili ya Marko kwa mkupuo mmoja. Ina sura 16, jioni moja inatosha. Isome kama mtu asiyejua mwisho wake. Halafu nenda 1 Wakorintho 15. Barua hiyo Paulo aliiandika miaka ya hamsini, yaani kama miaka ishirini na kitu baada ya msalaba, na humo anaorodhesha waliomwona Yesu mfufuka, akisema wengi wao bado wako hai. Mstari wa 14 unasema wazi kwamba kama Kristo hakufufuka, imani ni bure. Paulo mwenyewe anakataa hoja ya "dini inafaa". Baada ya hapo soma Luka na Matendo mfululizo, maana ni kazi ya mwandishi mmoja. Ukinunua Biblia, fahamu kwamba ya Kikatoliki ina vitabu 73 na ya Kiprotestanti 66; kwa kusoma Injili tofauti hiyo haikuhusu, na ya mke wako iliyoko kabatini inatosha.

Kuhusu sayansi nitapita haraka. Kanisa Katoliki halikudai uamini kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita za saa 24, na aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka alikuwa padre Mbelgiji, Georges Lemaître. Waanglikana wengi wana msimamo huohuo. Ukikutana na kanisa linalokulazimisha kuchagua kati ya Mwanzo na fizikia, ujue ni msimamo wa kanisa hilo, si wa Ukristo mzima.

Suala la uovu lina uzito zaidi, hasa kwa mtu wa Kitgum. Usimkubalie mtu yeyote anayekupa jibu la dakika tano kuhusu watoto waliotekwa. Soma Ayubu mpaka sura ya mwisho, uone wanaokemewa na Mungu ni kina nani: ni wale marafiki waliokuwa na maelezo tayari. Ukristo haudai kwamba kila teso lina sababu utakayoiona. Unadai kwamba Mungu aliingia ndani ya teso lenyewe. Dai hilo lipime, ulikubali au ulikatae, lakini lipime hilo, si lile la "kila jambo hutokea kwa makusudi".

Na usali, hata kama unaona ni kuongea na dari. Kuna sala fupi katika Marko 9:24 ya baba aliyekuwa na mtoto mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Imeandikwa kwa ajili ya watu wa hali yako. Dakika tano asubuhi, kabla ya simu. Usisubiri kusikia kitu mwilini. Wengine hupata machozi, wengine hawapati chochote miaka yote na bado ni waumini thabiti. Kosa kubwa la wanaotoka kwenye ukanamungu ni kudai hisia kama risiti.

Tuje kwenye karatasi. Hubatizwi upya. Ubatizo wa maji kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu hautolewi mara mbili, na kuacha kuamini hakuufuti. Wakatoliki na Waanglikana wanakubaliana hapo, na kila upande unautambua wa mwenzake. Kwa hiyo usijiunge na wakatekumeni wanaobatizwa mkesha wa Pasaka, ingawa kukaa nao kwenye mafundisho kunaweza kukufaa. Walokole wengi watataka uzamishwe majini, kwa kuwa hawahesabu ubatizo wa mchanga. Ukikubali, elewa kwamba kwa kufanya hivyo unasema ule wa Kitgum haukuwa ubatizo. Hilo ni suala la mafundisho; liamue kwa mafundisho, si kwa sababu kwaya yao ina spika nzuri.

Cheti chako kinatoka parokia ulikobatizwa, si Jinja. Andaa majina yako kama yalivyoandikwa wakati ule (jina la ubatizo mara nyingi si lile la kitambulisho cha taifa), majina ya wazazi, jina la msimamizi, na mwaka. Parokia hutaka cheti kilichotolewa karibuni, si kile cha zamani kilichokunjwa kwenye sanduku la mama, kwa sababu pembeni mwa kitabu cha ubatizo huandikwa kipaimara na ndoa. Cheti kipya ndicho kinachoonyesha kwamba hujawahi kuoa kanisani. Kama kitabu kilipotea wakati wa vita, usikate tamaa. Sheria ya Kanisa inaridhika na tamko la shahidi mmoja asiye na shaka: mama, shangazi, au msimamizi mwenyewe. Mtafute angali hai na ana kumbukumbu.

Ukichagua Ukatoliki, utahitaji kitubio. Mwambie padre mapema, nje ya kiti cha maungamo, kwamba ulimkana Mungu hadharani kwa miaka. Kuna adhabu ya Kanisa inayomhusu mbatizwa aliyeasi imani, na padre anaweza kuhitaji mamlaka ya askofu kukuondolea. Mara nyingi hilo hunyooshwa bila kelele, lakini si jambo la kumshtukizia padre Jumamosi jioni wakati watu ishirini wako nyuma yako. Kipaimara utapewa askofu anapozuru parokia, baada ya mafundisho. Darasa litakuwa la vijana wa umri mdogo. Omba katekista akufundishe pamoja na watu wazima wengine. Padre akikuharakisha kabla hujajua unachokikiri, mwombe muda. Yeye ana orodha ya kujaza, wewe una nafsi yako.

Hapa ndipo wanaume wengi wa umri wako hukwama: ndoa. Kwanjula ni ndoa ya kimila na serikali inaitambua, lakini kwa mbatizwa Mkatoliki Kanisa halihesabu kwamba umefunga ndoa ya kikanisa. Kwa kawaida komunyo itasubiri mpaka hilo linyooke. Mkeo halazimiki kuwa Mkatoliki. Mnachohitaji ni ruhusa ya askofu kwa ndoa ya Mkatoliki na Mkristo wa kanisa lingine, ambayo paroko huiomba kwa barua. Wewe utaahidi kufanya uwezavyo watoto wabatizwe na kulelewa Katoliki, naye ataarifiwa juu ya ahadi hiyo. Mkitaka kufunga ndoa kwenye kanisa lake, inawezekana pia, ila askofu akupe ruhusa ya pili kabla ya siku yenyewe. Bila hiyo Wakatoliki hawataihesabu. Matangazo husomwa Jumapili tatu. Kama yeyote kati yenu aliwahi kufunga ndoa na mtu mwingine, kanisani au kimila, lisemeni siku ya kwanza, kwa sababu kesi ya aina hiyo huweza kwenda kwenye mahakama ya Kanisa ya jimbo na kuchukua muda.

Kinachochelewesha ndoa nyingi Uganda si sheria yoyote kati ya hizo. Ni mikutano ya harusi, bajeti, magari, keki ya ngazi tano. Sheria ya Kanisa inahitaji ninyi wawili, padre, na mashahidi wawili. Misa ya Jumamosi asubuhi na chai baadaye inatosha, na paroko wako atafurahi kuliko unavyodhani. Ndugu watanung'unika. Waache.

Kabla ya yote hayo, zungumza na mke wako. Miaka yote hii ameishi na mtu asiyeamini, na huenda ana mawazo kuhusu lini na wapi. Ukifika nyumbani na kutangaza kwamba sasa nyote ni Wakatoliki, utakuwa umeanza imani kwa amri. Kumfuata Uanglikana ni njia halali kabisa: Kanisa la Uganda litautambua ubatizo wako, utafundishwa, kisha askofu atakuwekea mikono. Ila uchague kwa sababu umeyasoma mafundisho ya pande zote mbili, si kwa sababu kanisa lake liko karibu na steji ya boda.

Watoto: wa miaka 4 anaweza kubatizwa kwa ridhaa ya wazazi. Wa miaka 9 amepita umri wa miaka 7, kwa hiyo atafundishwa na ataulizwa mwenyewe. Mwambie ukweli kwamba baba hakuwa akiamini. Ameshajua, watoto husikia yanayosemwa sebuleni.

Kuhusu walokole, wapo wachungaji waaminifu wengi, na ni haki kuwatembelea. Pima mambo matatu. Maombi yakiwa na bei, au "mbegu" ikitajwa kwa kiasi cha shilingi kabla ya kuombewa, ondoka. Mgonjwa akiambiwa aache vidonge vyake vya ARV au vya presha kama ishara ya imani, ondoka na umwambie mtu. Ukishauriwa ukate mawasiliano na ndugu zako na uuze mali, kumbuka Kanungu. Vigezo hivyo vitumie pia kwa Wakatoliki na Waanglikana. Vikundi vya maombi vya pembeni viko kila mahali.

Na uraia wako usiuache nje ya mlango wa kanisa. Katiba ya 1995, ibara ya 7, inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na ibara ya 29 inalinda uhuru wa kuamini. Uhuru huohuo ulikulinda ulipokuwa huamini. Uutetee kwa wale rafiki zako wa zamani watakaobaki huko. Watakucheka kidogo. Usiwahubirie mwaka wa kwanza, hujui kitu bado.

Wiki hii nenda ofisi ya parokia siku ya kazi asubuhi. Jumapili baada ya Misa paroko ana vigango vya kukimbilia na hatakusikiliza. Beba daftari lenye yale majina, na ile karatasi ya pingamizi. Mwambie uliyoniandikia mimi, kwa mpangilio uleule, pamoja na sehemu ya "Mungu hayupo". Akikusikiliza mpaka mwisho, uliza mafundisho ya watu wazima ni siku gani. Asipokusikiliza, Jinja ina parokia zaidi ya moja.